Kujisikia: Nafsi, Lugha na Jirani katika Bonde la Ufa

Mtu akikwambia unajiona, hajakusifu. Akikwambia unajisikia, amekushutumu kwa neno jingine lenye maana ileile. Kiambishi -ji-, ambacho vitabu vya sarufi hutufunza kuwa humrejesha mtenda kwake mwenyewe, kina mazoea ya kubeba lawama: kujidai, kujitapa, kujigamba, kujishaua, kujinaki. Vitenzi vya heri vipo, naam; kujistahi, kujitolea na kujituma ni miongoni mwavyo. Hata hivyo, orodha ya lawama ndiyo ndefu. Huenda waliotuundia lugha hii waliitambua hatari ya mtu kuachwa peke yake na nafsi yake pasipo wa kumwambia ukweli. Katika makala haya ninakusudia kukitetea kitenzi kimoja kati ya hivyo vilivyoharibiwa jina. Nakitetea kujisikia kwa maana yake ya wazi kabisa: mtu kuisikia sauti yake mwenyewe kama wengine wanavyoisikia.

Natanguliza utetezi huu kwa sababu neno kujitambua siku hizi limegeuzwa bidhaa. Kila muhula wahamasishaji hufika katika kumbi za vyuo vyetu, wakatusimamisha, wakatuambia tumwambie jirani aliyeketi kando yetu kwamba sisi ni washindi. Tunaambiwa tujipende, tujiamini, tuwaepuke watu wanaoturudisha nyuma. Sina ugomvi na kujiamini. Mwanafunzi anayesimama kutetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo anakuhitaji sana. Ninachokikataa ni dhana kwamba mtu akishaingia ndani ya nafsi yake na kufunga mlango atatoka akiwa amejijua. Aghalabu hutoka akiwa amejisifu.

Mwaka wa 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mchoro wa dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza kinaonyesha yale ambayo mtu anayajua kujihusu na wengine pia wanayajua. Cha pili ni yale anayoyajua yeye lakini amewaficha wengine. Cha nne ni yale yasiyojulikana na yeyote. Nimekiruka cha tatu makusudi, kwa kuwa ndicho ninachokusudia kukizungumzia: yale ambayo wengine wanayajua kukuhusu lakini wewe mwenyewe huyajui. Mchoro huo huitwa Dirisha la Johari. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia jina hilo hudhani kuna lulu na yakuti humo ndani. La hasha! Ni majina mafupi ya hao mabwana wawili, Joe na Harry, yaliyounganishwa. Nililicheka jina hilo siku nilipolijua. Kuhusu kioo cha tatu sikucheka, kwani wakati huo kilikuwa tayari kimenivunjikia usoni.

Kwa muda wa miezi kadhaa nimekuwa nikirekodi masimulizi ya watu waliopoteza makwao katika ghasia za 1992, za 1998 na za 2007/2008, katika maeneo ya Njoro, Elburgon, Molo na Kuresoi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu usimulizi: jinsi msimulizi anavyojiweka ndani ya kisa, anachokitaja, anachokiruka, na lugha anayoitumia kurukia. Anayenukuu rekodi hulazimika kuisikiliza sentensi moja mara tatu, mara nne, akiisimamisha na kuirudisha nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kuwasikiliza wazee. Sikuwa nimejiandaa kumsikiliza mtu mmoja aliyekuwamo katika rekodi zote, ambaye ni mimi.

Jambo la kwanza nililolitambua ni kwamba nilikuwa na Viswahili viwili. Nilipozungumza na wazee wa jamii yangu sauti yangu ililegea, vicheko vikaingia, na mara kwa mara nikasema, "Si unajua tena, mzee." Nilipozungumza na wazee wa jamii nyingine nikawa kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kiswahili changu kilisanifika mno! Nilisema "jamii husika", nikasema "ndugu zetu", nikasema "matukio yale ya kusikitisha". Upole wangu ulikuwa wa mtu anayetembea juu ya vigae. Na kule kwa wazee wa kwetu kulikuwa na kiashiria kimoja kilichojirudia hadi nikakichukia: wale. Wale walipokuja. Wale wakaanza. Unajua wale walivyo.

Walimu wetu wa sarufi wametueleza kuwa hawa ni wa karibu, na wale ni wa mbali. Wale niliokuwa nikiwataja walikuwa kilomita 3 kutoka pale tulipoketi, ng'ambo ya shamba la viazi. Kilomita 3 ni mwendo mdogo kwa baiskeli. Kiashiria hicho hakikuwa kikipima umbali wa ardhi.

Pengine ningesamehewa kiashiria. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika rekodi mbili wazee walinigeuzia kibao wakaniuliza: "Na wewe, kijana wangu, ulikuwa wapi wakati ule?" Mara zote mbili nilijibu. Nilikulia Nakuru mjini, katika ploti moja ya Kaptembwa yenye vyumba vilivyotazamana na mfereji mmoja wa maji katikati. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilipofika mjini, nilikuwa mwanafunzi wa darasa la nne. Chumba cha pili kutoka chetu kiliishi familia ya jamii nyingine, na mtoto wao wa kiume tulikuwa rika moja. Waliondoka alfajiri na mizigo michache. Watu wengi wa mji ule walikuwa wakikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha, kila upande na hofu yake. Hicho ndicho kisa. Kwa mzee wa kwetu nilikisimulia hivi: "Kulikuwa na majirani fulani, wale, wakahama." Kwa mama mmoja wa jamii ya pili nilikisimulia hivi: "Tulikuwa na majirani wetu wa karibu sana, wakafukuzwa."

Wakahama. Wakafukuzwa. Mambo mawili tofauti kutoka kwa kinywa kimoja, katika muda usiozidi wiki mbili.

Miaka miwili mizima nimekuwa nikisoma nadharia za msimulizi asiyeaminika. Nimewatafuta wasimulizi wa aina hiyo katika riwaya, nikawapata, nikaandika kazi za muhula kuwahusu na kupewa alama nzuri. Yule wa karibu zaidi hakunipitia akilini.

Tena msomaji mwangalifu atakuwa ameona kwamba hata katika usimulizi wa pili, ule wa ukarimu, bado nilikuwa nimejificha. Wakafukuzwa na nani? Kauli ya kutendwa ina uhalali wake katika lugha, na hakuna anayeweza kuandika ripoti bila kuitumia, lakini ni shuka pana sana. Mtenda akilala chini yake hata vidole vya miguu havionekani. Familia ile haikufukuzwa na upepo. Usiku uliotangulia alikuja mtu akagonga mlango wao na kuwaambia kuwa kukipambazuka wasiwepo. Nilimjua mtu huyo. Sisi watoto tulimwita mjomba, na siku za sikukuu alitununulia soda.

Mpenzi msomaji, huenda umeshaanza kutafuta mimi ni wa kabila gani. Sitalitaja. Wala sitaitaja jamii ya pili. Ukijikuta umerudi kwenye jina langu kulisoma upya, hasa lile la mwisho, basi simama hapo kidogo ujiulize unalitafutia nini. Nchini mwetu swali "Jina lako la tatu ni nani?" halijawahi kuwa swali kuhusu jina. Nimeliuliza mara nyingi nikiwa na tabasamu.

Sasa niseme neno kuhusu mahali hapa, kwa sababu kujijua hakufanyiki hewani. Nakuru ilikua na reli. Njia ya reli ya kwenda Uganda ilipofika hapa mwaka wa 1900 ilileta vibarua, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi na walowezi wa Kizungu waliotwaa ardhi iliyokuja kuitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mashamba hayo yaliwavuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za nchi, na wenyeji wa awali wakasukumwa kando. Baada ya uhuru mwaka wa 1963 yaligawanywa: mengine kwa mipango ya serikali ya makazi, mengine kwa makampuni ya kununua ardhi, mengine kwa wenye mkono mrefu. Jina lenyewe la Nakuru lina asili ya Kimaasai, na Wamaasai si wengi mjini humo leo. Mji huo ulipopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, waliokuwa wakishangilia walikuwa karibu wote wana wa waliohamia. Sijaandika historia hii ili kusema kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma zipo, na za ardhi ndizo kubwa. Nasema tu kwamba katika Bonde la Ufa la kati anayetamka neno mgeni hana budi kuangalia amesimama juu ya udongo wa nani.

Na neno hilo, mgeni, ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tunajua methali inayomwambia mgeni aje ili mwenyeji apone. Tunajua pia ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mafunzo ya fasihi simulizi methali hii ya pili hufafanuliwa kama onyo kwa wageni wavivu, nasi tunanakili maelezo hayo na kuendelea. Kumbe ina tafsiri nyingine iliyo nzuri zaidi: kwamba jembe ndilo linalouondoa ugeni. Ukishalima nasi, wewe si mgeni tena. Wazee niliowarekodi, wa pande zote, wamelima. Mmoja alinionyesha viganja vyake badala ya kunijibu. Siku ya tatu ilishapita zamani, na ya elfu tatu ikapita, na ya elfu kumi ikapita, lakini neno limekataa kuwatoka.

Hapa ndipo ninapokosana na kauli moja tunayoipenda sana katika vyama vyetu: kwamba Kiswahili hakina kabila. Tunaitoa katika makongamano, tunaipamba kwa ngonjera, na Katiba ya 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, ikatupa nguvu mpya ya kuirudia. Kauli hiyo ina ukweli. Lakini neno madoadoa ni la lugha gani? Mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tena kabla ya uchaguzi wa 2007, neno hilo lilitumiwa katika Bonde la Ufa kumaanisha watu wa kuondolewa, kama vile mtu anavyoondoa uchafu kwenye nguo. Halikuhitaji mkalimani. Aprili 2022, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipotangaza orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki, madoadoa lilikuwamo, na kutoka Pwani likawamo neno wakuja. Uzuri wa mofolojia yetu, huo urudufishaji tunaoufundisha kwa mifano ya polepole na harakaharaka, ulitumika hapo kwa ustadi mkubwa: doa moja likawa madoadoa, yaani yametapakaa, yako kila mahali, hayahesabiki. Aliyelitunga alikuwa na sikio la mshairi.

Lugha inayounganisha watu wa makabila arobaini na zaidi ndiyo hiyohiyo iliyoweza kumfikishia kila mmoja wao amri ya kuhama, naye akaielewa. Mpenzi wa Kiswahili asiyelijua hili hakijui Kiswahili. Anakiona tu, kwa ile maana mbaya ya kujiona.

Sisahau kwamba kuna watakaosema nimepotoka. Watauliza: watu 1,133 waliuawa, kwa mujibu wa Tume ya Waki, na malaki wakang'olewa makwao, nawe unatuletea viashiria na kauli za vitenzi? Swali hilo ni la haki. Sidai hata kidogo kwamba kila mmoja akijijua ardhi itagawanywa upya au waliochochea watahukumiwa. Tume zimekuwa nyingi. Ile ya Akiwumi iliyoundwa mwaka wa 1998 ilichunguza mapigano ya kikabila, na ripoti yake ikakaa kabatini hadi 2002 ndipo ikatolewa kwa umma. Ile ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2008, iliwasilisha ripoti yake Mei 2013, na mengi ya mapendekezo yake hayajatekelezwa. Hayo ni madeni ya dola, nasi raia tuna wajibu wa kuyadai. Lakini hakuna tume iliyo na mamlaka ya kunisikilizisha rekodi zangu. Kazi hiyo ndogo imeachiwa mimi, na nisipoifanya nitaendelea kudai haki kwa sauti mbili.

Fasihi yetu ililijua jambo hili kabla ya wanasaikolojia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakumgeukia jirani kumkemea. Aliuita moyo wake mwenyewe na kuuhoji mbele ya magofu ya Pate. Huenda hiyo ndiyo sababu utenzi huo bado unasomeka. Mawaidha ya anayewahubiria wengine huchosha upesi. Karibu nasi zaidi, marehemu Ken Walibora katika Kufa Kuzikana (2003) aliziita jamii mbili zinazouana Wakanju na Wakorosho. Fungua kamusi, utaona kwamba mkanju na mkorosho ni mti mmoja.

Kisha kuna Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyokuwa kitabu teule katika shule za upili kati ya 2018 na 2022. Ridhaa anapoteza nyumba na familia yake katika moto, na mkono uliouwasha ni wa jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi. Niliifundisha riwaya hii mwaka wa 2019 nikiwa katika mazoezi ya ualimu, katika shule moja upande wa Molo. Siku moja, bila kuliandika swali hilo katika andalio la somo, niliwauliza wanafunzi: nani kati yenu anajiona katika Ridhaa? Mikono ikajaa hewani. Wote walikuwa Ridhaa, watoto wa jamii zote zilizokuwamo darasani. Nikauliza: na nani anajiona katika Mzee Kedi? Wakacheka, kisha wakanyamaza. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akauliza, "Na wewe, mwalimu?" Kengele ikaniokoa. Nakumbuka nilivyoondoka pale nikiwaza jinsi ya kuwafikia vijana wale waliokosa kujichunguza. Swali la yule msichana nililichukulia kuwa utovu wa nidhamu.

Mitihani yetu inachangia. Tunauliza, "Eleza sifa nne za Mzee Kedi," mtahiniwa anaandika kuwa ni katili, ni msaliti, hana shukrani, ni mnafiki, anapata alama zake, na Kedi anabaki mbali kule aliko. Amekuwa mmoja wa wale. Nadhani tuna njia bora ya kufundisha uhusika kuliko hiyo, na walimu wetu wanaotunga maswali wanaweza kunisamehe nikisema hivyo.

Nirudi kwenye uhusiano wa mtu na mtu, maana ndio ulionifanya niandike. Chumba changu cha kukodi hapa Njoro naishi na mwenzangu, naye ni mwanafunzi wa uzamili, wa jamii ile ambayo katika rekodi zangu niliiita wale. Tumekula chungu kimoja zaidi ya mwaka. Usiku niliomaliza kunukuu rekodi ya pili nilimwita nikamchezea vipande vyote viwili. Sikumweleza ninataka nini; hata mimi sikujua. Alisikiliza hadi mwisho akaomba nirudie kile cha kwanza. Kisha akasema:

"Hilo si geni kwangu, bwana. Ukipigiwa simu na watu wa kwenu, huwa unazungumza hivyohivyo."

"Lakini wakati huo huzungumza kilugha," nikasema.

"Nimekaa nawe muda huu wote. Unadhani sijajifunza neno moja?"

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akajibu kwamba alikuwa akingoja nijisikie mwenyewe. Alikitumia kitenzi hicho bila dhihaka yoyote. Halafu akacheka kidogo, akasema na yeye anazo simu zake za nyumbani, ila bahati yake ni kwamba hajazirekodi.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kioo cha tatu. Mwenzangu alikuwa amenijua muda wote huo kuliko nilivyojijua, na alikuwa amechagua kuendelea kupika nami. Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba mimi ndiye ninayemvumilia. Tangu usiku ule hatujawa malaika. Tunabishana kuhusu siasa, na wakati mwingine mmoja wetu husema "ninyi watu" halafu akajishika mdomo. Lakini sasa kuna anayeweza kumwambia mwenzake, "Umesikia ulivyosema?" na swali hilo likapokewa bila kununiana. Nafsi inayojua ilipo na doa haiogopi kuonyeshwa. Ile isiyojua hutumia nguvu zake zote kulinda shati, na kila jirani anayenyoosha kidole huwa adui.

Nilipofunga muhula nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nilimuuliza, bila kuzunguka, yule mtoto wa chumba cha pili waliishia wapi. Hakujibu. Nikamwambia pia kwamba ninamkumbuka aliyekuja kuwagongea mlango. Mama aliendelea kuchambua hadi maharagwe yakaisha, akainuka, akaingia ndani, akarudi na sufuria ndogo ya mkono mmoja, nyeusi upande wa chini na safi ndani.

"Hii ni ya mama yake," alisema. "Nilikuwa nimeiazima jioni ile kabla hawajaondoka. Sijaipikia tangu siku hiyo."

Tumehama nyumba mara tatu tangu 2008. Mara zote tatu sufuria hiyo imepakiwa na vyombo vyetu, na mimi nimeibeba angalau mara moja bila kujua ninabeba nini. Nilimuuliza kama aliwahi kuwatafuta. Akasema aliona haya, na kwamba kila mwaka uliopita uliiongeza haya hiyo badala ya kuipunguza. Nilitaka kumwambia habari za Dirisha la Johari nikaona ni upuuzi. Tulikubaliana kwamba tutawauliza watu wawili wanaoweza kujua walikokwenda, yeye amuulize mmoja nami nimuulize wa pili. Wangu nimemuuliza. Ninasubiri jibu.

Imebaki kazi ya tasnifu. Desturi katika tafiti za masimulizi ni kunukuu maneno ya msimulizi na kuyapunguza ya mtafiti, yawe maswali mafupi tu, na nilishauriwa kwa nia njema niyafute majibu yangu kwa kuwa si data. Nimeyatafakari mashauri hayo kwa wiki kadhaa. Katika kiambatisho cha pili mtakuta mistari inayoanza na herufi M, yaani mtafiti. Mmoja unasema wakahama, na mwingine, kurasa chache mbele, unasema wakafukuzwa. Nimeiacha yote miwili kama ilivyo, pamoja na kicheko kilichosikika kabla ya ule wa kwanza.